Kilichofichwa Chini ya Kitanda

Ukitaka kujua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katokea mkoa gani, usihangaike kumuuliza. Subiri aende kuoga, kisha uchungulie chini ya kitanda chake. Ukikuta ndoo yenye mfuniko, imejaa viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani hadi vikakauka kabisa, hayo ni matobolwa, na mwenzako ni wa Usukumani. Ukikuta dumu la mafuta mekundu, mdomo umefungwa nailoni mara mbili ili yasivuje safarini, hayo ni mawese, na huyo ni mtu wa Kigoma. Korosho zilizobanguliwa nyumbani, zisizolingana ukubwa, zimetoka Mtwara au Lindi. Asali nyeusi kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa imetoka Tabora. Na ukikuta kopo la maziwa ya unga ambalo ukilitikisa linachakacha, usilifungue kama una moyo mwepesi. Humo mna senene, na mwenyewe ni Mhaya.

Kopo hilo lilikuwa langu.

Nilisoma Mlimani. Ndivyo watu wanavyokiita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu ya kile kilima kilichopo upande wa Ubungo. Chuo chenyewe kilizaliwa mjini, mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria tu. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, na tangu hapo watoto wa kila mkoa wamepandisha na mabegi yao, kila mmoja na kitu cha kwao alichofungiwa na mama, bibi au shangazi. Ninyi mnaosoma hapa, wengine mko darasa la saba, wengine kidato cha pili, siku yenu inakuja. Kwa hiyo nataka niwaeleze mapema kwa nini watu wazima, waliofaulu mitihani migumu, wanaficha viazi vikavu chini ya kitanda na kuvitia kufuli.

Wiki mbili za kwanza chuoni hazina shida. Kuna usajili, kuna foleni ya benki, kuna kupotea: unatafuta madarasa ya Yombo, unajikuta Ukumbi wa Nkrumah. Huna nafasi ya kuhuzunika. Kazi huanza wiki ya tatu, shamrashamra zimekwisha, bumu halijaingia (bumu ni fedha za kujikimu zinazotoka Bodi ya Mikopo, na mtalijua jina hilo kuliko la mkuu wa chuo), na usiku umelala kwenye dabo deka unasikiliza watu watatu usiowajua wanavyopumua.

Msidhani mambo haya yameanza na kizazi chenu. Mwaka 1688, katika mji wa Basel, Uswisi, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliandika tasnifu nzima juu ya watu wanaougua kwa kukumbuka kwao. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza alikuwa mwanafunzi mwenzake, kijana aliyetoka Bern kuja kusoma Basel. Bern si mbali na Basel. Ni kama kilomita 100, kama Dar es Salaam na Chalinze. Lakini kijana alikonda, akashikwa na homa na wasiwasi, ikafika mahali watu wakamkatia tamaa. Ikaamuliwa arudishwe kwao. Basi njiani tu, hata kabla hajaiona Bern, akaanza kupata nafuu, na nyumbani akaingia mzima. Hofer akasema huo ni ugonjwa kamili, na dawa yake kubwa ni kumrudisha mgonjwa kwao. Siku hizi hakuna daktari atakayekuandikia nauli. Lakini mtu akikaa hosteli wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza, ataelewa Hofer alikuwa ameona nini.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba kinachokunasa si kile ulichojiandaa nacho. Wengi huja na picha ya familia, wanaibandika ukutani juu ya mto. Baada ya siku chache macho yameizoea, hata haionekani tena. Halafu siku moja unapita nyuma ya jiko la mamantilie, mtu kamwagia maji majivu ya moto, ule moshi mzito wenye unyevu unakupanda puani, na ghafla umesimama katikati ya njia, koo limekaba, na hujui kwa nini.

Sababu ipo, na iko kichwani kwako. Macho na masikio yana adabu. Kinachoonekana na kinachosikika hupitishwa kwanza kwenye kituo kilichopo katikati ya ubongo, ambacho hupanga habari na kuzipeleka panapohusika. Pua haina subira hiyo. Juu kabisa ndani yake, mahali ambapo kidole hakifiki hata ukijaribu (na najua mmejaribu), kuna eneo dogo la utando laini lenye neva za kunusia. Neva hizo hupenya vitundu vya mfupa mwembamba na kuingia ubongoni moja kwa moja. Majirani zao wa karibu huko ndani ni sehemu mbili: ile inayoshughulika na hofu, furaha na huzuni, na ile inayosaidia kutunza kumbukumbu. Ndiyo maana harufu haikukumbushi jambo kwanza, kisha ukahuzunika. Unahuzunika kwanza, halafu ndipo unaanza kujiuliza: hii naijua wapi?

Mwaka 2004 Wamarekani wawili, Linda Buck na Richard Axel, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua jinsi pua inavyotambua harufu. Binadamu tuna aina kama 400 za vipokezi vya harufu, na kila harufu hugusa mchanganyiko wake, ndiyo maana tunaweza kutofautisha dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza tukiwa tumefumba macho. Mwaka huohuo, Tuzo ya Nobel ya amani ilikwenda kwa mama wa Nyeri, Kenya, Wangari Maathai. Sisemi kwamba waliotoa tuzo walikusudia kuwakutanisha. Mimi huwakutanisha mwenyewe, kwa sababu Wangari naye ana habari yake ya kukaa chuo mbali na nyumbani, na ni habari ndefu kuliko ya yeyote kati yetu tuliolia katika hosteli ya Mabibo.

Mwezi Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi kwenda New York ikiwa na wanafunzi 81, katika mpango ambao mwanasiasa Tom Mboya aliuhangaikia sana ili vijana wa Kenya wapate elimu ya juu Marekani. Mwaka uliofuata, 1960, zamu ya Wangari ikafika. Alikuwa na umri wa miaka 20, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri. Akapelekwa Atchison, mji mdogo wa jimbo la Kansas, kando ya mto Missouri, katika chuo cha wasichana kilichoendeshwa na masista wa Kibenedikto, Mount St. Scholastica. Alikaa hapo hadi 1964, akaenda Pittsburgh kuchukua shahada ya pili, akarudi Kenya 1966. Hesabuni wenyewe. Hakukuwa na simu ya mkononi, hakukuwa na basi la kupakia matobolwa. Kulikuwa na barua.

Sasa jiulizeni, msichana wa Nyeri, kwenye theluji ya Kansas, nyumbani anakuona wapi? Angalieni alikosomea kabla ya hapo: shule ya masista Nyeri, kisha sekondari ya Loreto, Limuru, nako ni kwa masista. Kansas alikuta kengele ya asubuhi, sala, ukimya wa saa za kujisomea na mavazi marefu ya watawa. Mambo ambayo kwa Mmarekani wa kawaida yangekuwa mageni, kwake yalikuwa ya kila siku tangu utoto. Mnaona hapo? Kilichofanana na kwao hakikuwa chakula wala hali ya hewa. Ilikuwa ratiba. Wale mnaosoma bweni na kuinung'unikia kengele, subirini kidogo.

Lakini kuna kitu kingine alichokibeba, na hicho hakikuhitaji kumbusho la Kansas. Alipopokea tuzo yake Oslo, mwaka 2004, alisimulia juu ya kijito kilichokuwa karibu na kwao, alikokwenda kumchotea mama yake maji, na jinsi alivyochezea mayai ya chura humo majini. Akasema kwamba zaidi ya miaka 50 baadaye kijito kile kilikuwa kimekauka. Nyumbani nako hakukai kukusubiri. Unaondoka ukiwa na picha yake, na huku nyuma watu wanakata miti, wanajenga, wanahama, wanazaa. Wangari alifanya kitu juu ya kijito chake: mwaka 1977 alianzisha harakati ya Ukanda wa Kijani, wakapanda miti kwa mamilioni. Sisi wengine tunarudi likizo, tunakuta mwembe umekatwa, tunanuna siku mbili.

Tuje sasa kwenye ndizi, maana huko ndiko nilikokuwa naelekea.

Kabla Mlimani haujakuwepo, vijana wa Tanganyika waliotaka elimu ya juu walikwenda Makerere, Kampala. Mwalimu Nyerere alisoma huko kuanzia 1943 hadi 1945. Yeye ni mtoto wa Butiama, wa kwenye ugali, akaenda kwa watu ambao chakula bila ndizi hakiitwi chakula. Ila Mhaya aliyekwenda Makerere hakuona ajabu yoyote mezani. Kutoka Bukoba hadi Kampala ni kama kilomita 300. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300. Ramani ya serikali ilisema Kampala ni ugenini na Dar ni nyumbani. Tumbo lilikuwa na ramani yake.

Mimi nilipangiwa Mabibo Hostel, na hapo bahati ilikuwa upande wangu, kwa sababu karibu na hosteli hiyo lipo soko linaloitwa Mahakama ya Ndizi. Jina hilo sikulitunga. Malori yanaingia na mikungu kutoka Moshi, Tukuyu na kwingineko, na asubuhi watu wanabishana bei kweli kama mbele ya hakimu. Jumamosi moja nilikwenda huko na mwenzangu wa chumbani, Mchaga wa Rombo, ambaye alijua ndizi kuliko alivyojua takwimu tuliyokuwa tunasomea.

“Hizi za wapi?” nikauliza.

“Za Bukoba hizo, dada,” akasema muuzaji.

“Bukoba ipi?”

“Bukoba yenyewe, dada yangu. Zimeingia usiku wa leo.”

Mchaga wangu akainama, akashika ndizi moja, akaigeuza, akakwaruza ganda kwa ukucha. “Hizi za Tukuyu.”

Muuzaji hakutetereka hata kidogo. “Sasa Tukuyu si njiani?”

Kwa wasiokuwa na ramani karibu: Tukuyu iko kusini kabisa, karibu na mpaka wa Malawi, na Bukoba iko kaskazini magharibi, karibu na mpaka wa Uganda. Lori linalopita Tukuyu likitoka Bukoba limepotea njia vibaya sana. Tulicheka hadi akatupunguzia bei.

Kupika ilikuwa kesi nyingine. Hosteli nyingi zinakataza kupikia chumbani, na kwa haki: nyaya zimechoka na wanafunzi wamejaa. Kwa hiyo tulibeba ndizi hadi Changanyikeni, kwenye geto la kaka yake mwenzetu mmoja, lenye jiko la mkaa nje ya mlango. Tulikwenda wanne. Mimi na Mchaga, dada mmoja wa Kigoma na mwingine wa Masasi. Yule wa tano katika kundi letu, wa Unguja, hakuwepo. Kila Ijumaa alipanda boti, ni mwendo usiozidi sana saa mbili, akarudi Jumapili na mikate ya mofa. Tulimwonea wivu, lakini niliona kitu: sisi tuliokaa miezi bila kwenda tulizoea polepole, yeye alianza upya kila Jumapili jioni.

Kumenya ndizi mbichi kuna ufundi wake. Unapaka mafuta viganjani na kwenye kisu kabla hujagusa chochote, la sivyo utomvu utakuganda, ukikauka unakuwa mweusi, na Jumatatu utaingia darasani na kucha za fundi gereji. Unakata ncha zote mbili, unachana ganda kwa urefu, unaingiza kidole gumba chini yake na kulisukuma. Ndizi inaingia kwenye maji hapohapo isije ikabadilika rangi. Dada wa Masasi hakuwa amewahi kumenya. Alimenya kama anayechonga penseli, nusu ya ndizi ikabaki kwenye maganda, na tukamwacha kwa sababu yeye ndiye aliyelipia mkaa.

Kwetu ndizi zinapikwa na maharage, kitunguu na chumvi, sufuria inafunikwa vizuri, moto wa wastani, na hakorogi mtu. Nikaeleza hivyo kwa sauti ya mwalimu. Nikaenda kuchota maji bombani. Niliporudi, mtu wa Kigoma alikuwa amemimina mawese, na si kidogo, mchuzi umekuwa mwekundu. Mchaga alikuwa ameponda baadhi ya ndizi kwa mwiko kwa sababu kwao mtori ndio chakula cha mgonjwa, na aliniona mimi naumwa. Wa Masasi alikuwa anatwanga korosho kwenye kikombe cha bati kwa kitako cha kisu.

Sikusema kitu. Tukala. Haikuwa ladha ya nyumbani hata kidogo, na ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekula tangu niingie Dar es Salaam.

Tangu siku hiyo chini ya vitanda vyetu kukawa hakuna siri. Na hapo niwaambie habari za lile kopo, maana najua mnalisubiri. Senene ni jamii ya panzi. Wanatokea kwa wingi msimu wa mvua, hasa mwezi wa Novemba na Desemba, na wakati mwingine kidogo mwezi wa Aprili na Mei. Wanaruka usiku wakifuata mwanga, kwa hiyo Bukoba msimu ukifika utakuta watu wamewasha taa kali na kusimamisha mabati, senene wanagonga bati na kuteleza hadi kwenye pipa. Asubuhi familia inakaa chini kuwanyonyoa mbawa na miguu, kazi ya saa nyingi na maneno mengi. Kisha wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi hadi wakauke, na hapo wanaweza kukaa wiki kadhaa bila kuharibika. Ndiyo maana wanasafiri.

Mama alilijaza kopo, akazungushia gundi ya karatasi, akaandika jina langu na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito kila upande, hata kitakoni, akamkabidhi kondakta wa basi. Siku hizo mabasi ya mikoani yalishushia Ubungo. Sasa yamehamia Mbezi Luis, kituo kilichoanza kazi mwaka 2021, lakini utaratibu wa vifurushi haujabadilika: unalipa kidogo kule, unapigiwa simu huku, unakwenda kusimama mbele ya buti la basi pamoja na watu wengine wanaongoja ndoo, madumu na kuku. Kondakta anasoma majina. Ukiitwa unajibu kama uko shuleni.

Nilipofika katikati ya kopo, siku kadhaa baadaye, kidole kikagusa nailoni. Ndani yake kulikuwa na noti ya shilingi elfu kumi iliyokunjwa hadi ikawa ndogo kuliko kidole gumba. Mama alijua kondakta anaweza kupekua mzigo, ila hawezi kula senene hadi chini. Alijua pia kwamba fedha nikizikuta juu nitazila siku hiyohiyo. Nimesoma vitabu vingi vya usimamizi wa fedha tangu wakati huo, na sijaona mpango uliouzidi.

Mpwa wangu yuko Mlimani sasa, mwaka wa pili, na yeye anaona tulikuwa watu wa kale. Ana simu ya video. Dada yangu anampigia kila jioni, anamzungusha uwanjani: mgomba huu umezaa, mbuzi yule kajifungua, jirani kapita, msalimie shangazi yako. Juzi nilikuwa kwake wakati simu imeita. Dada alikuwa anapika, akafunua sufuria na kuisogeza simu juu yake ili mtoto aone. Mvuke ukapanda, kioo kikawa cheupe, tukasikia sauti tu inasema, “Unaona? Unaona?” Mpwa wangu akajibu anaona. Kisha akaniangalia, akaniuliza kama kuna mahali karibu wanapouza ndizi. Simu inaleta sura na sauti, na inafanya hivyo vizuri. Mvuke unaishia njiani.

Ila nisiidharau sauti. Jean-Jacques Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, aliandika kwamba wimbo wa wachunga ng'ombe wa Uswisi ulikatazwa kupigwa mbele ya askari wa Kiswisi waliokuwa wakitumikia ugenini, kwa sababu waliousikia walilia, wengine wakatoroka, wengine wakafa. Kufa ni kukuza mambo, naona mimi. Kulia nimeona. Nilimwona kijana wa Shinyanga kwenye daladala ya Mwenge, mzee mmoja aliyepanda kituo cha Survey akapokea simu na kusalimia Kisukuma kwa sauti kubwa, “Mwangaluka!” Kijana aligeuza uso dirishani, na hakuugeuza tena hadi tunashuka.

Na kuna mlango mmoja wa nyumbani ambao Waswisi hawakuwa nao, nao ni utani. Pale kwa mamantilie tulipokuwa tunakula kulikuwa na mama wa Kizaramo, mkali kwa kila mtu isipokuwa kijana mmoja wa Kinyamwezi. Kwa huyo alikuwa mkali mara mbili, lakini kwa raha. “Ongeza ubwabwa kwa huyu mpagazi,” anasema mbele ya foleni nzima, “kesho anapeleka pembe Bagamoyo.” Kijana anamjibu kwamba Wazaramo ndio waliokuwa wanalala barazani wakingoja wenzao wabebe. Mgeni angedhani wanagombana. Mambo yao ni ya zamani: katika karne ya 19 Wanyamwezi walishuka pwani na misafara ya biashara, wakipita na kukaa kwa Wazaramo, na makabila hayo mawili yakabaki watani hadi leo. Yule kijana hakuwa na ndugu hata mmoja Dar es Salaam. Alikuwa na mtu wa kumtukana kwa haki, na sahani yake ilikuwa inajaa kuliko zetu.

Likizo ndefu ikafika, nikarudi Bukoba. Siku ya pili nikamwambia mama apumzike, leo napika mimi. Nilikuwa nimegawiwa mawese chupa moja na yule dada wa Kigoma, na korosho za Masasi nilizibakiza. Nikapika ndizi, nikaponda nusu, nikamimina mawese bila huruma, nikamaliza na korosho za kutwanga. Mama akafunua sufuria, akaitazama, akanitazama mimi. Akaonja kidogo, akaweka kijiko chini.

“Hiki ni chakula cha wapi?”

“Cha Mabibo, mama.”

Alimpakulia baba, akajipikia nyingine.

Wiki hiyohiyo mtu wa Kigoma akanipigia simu, ananong'ona. Alikuwa ameulizia nyumbani kwao kama kuna mtu anayeuza panzi wa kukaanga. Mama yake hakumjibu. Aliwaita shangazi zake wawili, wamejifungia sebuleni na mama, na yeye alikuwa ameegesha sikio mlangoni akiwasikia wanaulizana kama kweli huko chuoni watoto wanalishwa.